Kisanduku kinachojua kunong'ona

"Fundi, redio hii nzima. Asubuhi hii nimeongea na wenzangu watatu, wote wamenipata vizuri."

Nahodha alinipokea kwa maneno hayo hata sijavua viatu. Boti yake ya uvuvi ilikuwa imetia nanga ng'ambo ya Feri, upande wa Kigamboni, kaskazi linaelekea kuisha. Nilipelekwa kwa ngalawa, begi nimelipakata mapajani lisirukiwe na maji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, lakini uso ulionyesha wazi kwamba hakunihitaji. Aliyeniita alikuwa mwenye boti.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki mbili nyuma injini iliwazimikia mashariki ya Kimbiji, wakielekea kisiwa cha Fungu Mbaraka. Waliita kwenye chaneli 16, ile ya miito ya dharura, tangu saa mbili usiku mpaka saa tano. Hakuna aliyeitika, wala wao hawakusikia mtu. Walipata mvumo mtupu. Mkondo ukawabeba kuelekea kaskazini hadi alfajiri, boti nyingine ilipowaona kwa macho na kuwafunga kamba. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi. Ila nahodha alirudi nchi kavu na donge rohoni. Alikuwa na hakika kwamba usiku ule rafiki yake wa miaka mingi alikuwa akivua maili saba tu kutoka pale, na redio yake haizimwi kamwe. "Alinisikia, akaninyamazia," aliniambia. Tangu siku hiyo walikuwa hawasalimiani.

Nikafungua begi, nikatoa kisanduku.

Nakiita kisanduku kwa sababu ndivyo kilivyo: kifaa cha kutoa mawimbi ya redio ya kuigiza, kinachotumia betri, nilichokifungia ndani ya kopo la bati la biskuti. (Habari ya kopo nitaieleza, maana ina kisa chake.) Unakichagulia masafa, na kwa kazi zangu nyingi huwa ni megahezi 156.8, ndiyo hiyo chaneli 16. Unakipa mlio wa kubeba, kisha unakipangia nguvu. Thamani yake yote iko kwenye nguvu. Kupiga kelele kila redio inaweza. Kisanduku hiki kinaweza kunong'ona, tena kikakuonyesha kwenye skrini kimenong'ona kwa kiasi gani.

Nimefanya kazi ya redio za baharini miaka kumi na tatu sasa, na jambo ninaloumia nalo kila ninapopanda chombo ni namna tunavyozipima. Mtu anashika maiki akiwa bandarini, anauliza, "Unanipata?" Anajibiwa na aliyetia nanga mita 200 kutoka hapo, au na kituo ambacho mnara wake anauona kwa macho. Jibu likija safi, redio ni nzima. Huko ni kumpima kiziwi kwa kumpigia ngoma sikioni. Mawimbi ya karibu yana nguvu kiasi kwamba hata waya uliooza utayapitisha. Mtu hazamii gatini. Redio itahitajika usiku, mbali, betri ya upande wa pili imelegea, antena ya upande wa pili imeinama, na kinachofika kwako ni mabaki ya sauti. Hayo mabaki ndiyo ya kupimia.

Basi nikaanzia pale redio ilipo. Nilichomoa waya wa antena nyuma yake, nikachomeka waya wa kisanduku mahali pake, nikafungua skwelchi, ile swichi inayonyamazisha mvumo, mvumo ukajaa kibandani. Nikaanza kushuka. Kwenye -100 dBm (ndicho kipimo cha nguvu ya mawimbi, na kadiri namba inavyozidi chini ya sifuri ndivyo mnong'ono unavyofifia) mlio ulikuwa wazi kama filimbi ya refa. Kwenye -110 bado. Kwenye -119, ambayo ni robo ya mikrovolti, ulikuwa umefunikwa na mvumo, kama mtu anayepiga mluzi mvua ikinyesha juu ya bati, lakini upo, unaufuata kwa sikio bila shida. Redio nzuri ya aina ile haidaiwi zaidi ya hapo.

"Si nilikwambia?" nahodha akasema.

Na kweli, redio yake ilikuwa nzima. Nikamwomba kijana wake mmoja apande mlingoti.

Antena ilikuwa kama mita nne juu ya maji. Kijana aliifungua kule juu, tukampandishia kisanduku ndani ya ndoo ya plastiki kwa kamba, akakichomeka kwenye ncha ya waya. Kutoka ncha ile hadi kwenye redio kuna waya wa mita 12 hivi. Ukiwa mpya, waya wa aina hiyo hula desibeli mbili au tatu za mawimbi yanayopita, na hilo halina ubaya. Nikamwambia aanze na 119. Kimya. Nikamwambia 115, kimya. 110. 105. Nahodha alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ameshika fremu. Kwenye 100 nilidhani nasikia kitu, kumbe ni masikio yangu yanayotamani. Mlio uleule wa mluzi ndani ya mvua ulitokea kwenye -97.

Tofauti ya desibeli 22. Kila desibeli 10 ni mara kumi, kwa hiyo 20 ni mara mia, na 22 ni kama mara mia moja na hamsini na nane. Redio iliyoandikwa wati 25 ilikuwa ikifikisha kwenye antena wati 0.16. Na aliyemwita kwa wati 25 alikuwa akimfikia nahodha kwa nguvu hiyohiyo ya 0.16. Waya huo ulikuwa umeziba mdomo na masikio kwa pamoja.

Tuliushusha, nikauchana kwa kisu sentimita 30 kutoka juu, karibu na konekta. Chini ya ganda jeusi, nyaya za shaba zilizosukwa, ambazo zikiwa mpya hung'aa kama bangili, zilikuwa nyeusi, na kila zinapopishana pana unga wa kijani. Nilipouminya kwa vidole tone la maji lilitoka, nikalilamba. Chumvi. Aliyeifunga konekta ile aliizungushia utepe wa umeme wa kawaida, ule wa nyumbani. Jua liliulegeza, maji ya bahari yakapata mlango, na waya ukayanyonya ndani kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa.

Kuna jambo moja hapa ambalo mafundi wenzangu naomba walitazame kwa makini. Boti ile ilikuwa na karatasi ya ukaguzi ya miezi minne nyuma, imesainiwa, imeandikwa redio na antena vinafanya kazi. Aliyesaini simtaji. Alipima kwa kipimo cha SWR, kile kinachoonyesha nguvu kiasi gani inakataliwa na antena na kurudi kwenye redio, akapata 1.1. Hiyo ni namba nzuri kupita kiasi. Nami nikapima kwa kipimo changu, nikapata 1.1 vilevile. Ndivyo waya mbovu unavyodanganya: nguvu inayokwenda inaliwa njiani, na ile kidogo inayorudi kutoka kwenye antena inaliwa tena wakati wa kurudi, basi kipimo hakioni kitu kinachorudi na kinasema mambo safi. Hata ungeing'oa antena yote ukaitupa baharini, kipimo kile pale chini kingeendelea kusema safi. Waya ukioza zaidi, ndivyo namba inavyopendeza. Ndiyo sababu nasema SWR peke yake isitosheleze mtu kutia saini.

Nahodha alikuwa bado amekodolea macho ule waya. Baadaye akasema taratibu, "Kwa hiyo hakunisikia."

"Hakukusikia, Nahodha. Na kama alikuita, nawe usingemsikia."

Kwa antena mbili za mita nne, maneno yanaweza kwenda kilomita 16 hivi kabla ya kukatwa na mviringo wa dunia. Maili saba za baharini ni kilomita 13. Rafiki yake alikuwa ndani ya uwezo wa kusikia, kama nguvu ingetoka. Nilimchorea hesabu hiyo nyuma ya karatasi ileile ya ukaguzi. Aliisoma, akaikunja, akachukua simu yake, akaenda omo, mbele ya boti. Sikusikia walichozungumza, wala haikunihusu. Aliporudi alimwambia kijana wake anichemshie chai.

Sasa kopo la biskuti.

Nilijifunza kazi hii Tanga, kwenye karakana ya mzee mmoja tuliyemwita Babu. Babu alikuwa na jenereta ya mawimbi ya Marconi Instruments, ya chuma kitupu, ambayo kuitoa mezani ilihitaji watu wawili. Redio zilitengenezwa karakanani kwa sababu kifaa hakikwendeka baharini. Redio ililetwa kwake, ikapimwa, ikatoka nzima, ikarudishwa kwenye waya uleule uliooza. Babu alilijua hilo na lilimkera, na mara nyingi nilimsikia akisema kwamba siku mashine ile itakapoingia mfukoni ndipo tutakapojua bahari ina redio ngapi.

Siku hizo zimefika. Nilinunua kifaa changu cha kwanza cha mkononi Kariakoo, kwa bei ambayo Babu asingeiamini. Nikafurahi nacho siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa napima redio mezani, nikashuka kutoka -100 hadi -120, na mlio haukubadilika hata kidogo. Nikashuka hadi -130. Uleule. Nikachomoa waya kabisa. Redio ikaendelea kuimba.

Kifaa kilikuwa kinavuja. Ganda lake lilikuwa la plastiki, na mawimbi yalikuwa yakitoka ubavuni, yakiruka hewani moja kwa moja hadi kwenye redio bila kupita kwenye waya niliokuwa nadhani nayapima. Namba zote nilizoandika siku zile mbili zilikuwa uongo, na nilikuwa nimempa mteja mmoja jibu kwa namba hizo. Nilimfuata Mbezi nikapima upya bila malipo.

Dawa ilikuwa kukifungia kisanduku ndani ya bati pande zote. Kopo la biskuti lilikuwa na kipimo sawasawa. Nilikwangua rangi kwenye midomo ya kifuniko na kopo mpaka chuma kikagusana na chuma, nikazungushia utepe wa shaba, nikalehemu konekta ya kutokea kwenye ubavu wa kopo kuizunguka yote, nikaacha tundu dogo la skrini lililofunikwa wavu wa shaba. Betri nayo imo ndani, maana waya wowote unaotoka nje hugeuka antena. Halafu, badala ya kukitegemea kifaa chenyewe kishuke chini kabisa, nakiacha kitoe nguvu ya kati, na nje naunganisha vipunguza nguvu vya desibeli 20 kimoja baada ya kingine, vile vya shaba vinavyofanana na risasi za bunduki. Hivyo haviongopi.

Ukinunua chako, cha gharama au cha bei nafuu, usikiamini kabla ya jaribio hili: weka nguvu unayotaka kupimia, chomoa waya, funga mdomo wa konekta kwa kifuniko cha chuma, kisha sikiliza. Redio ikinyamaza, endelea na kazi. Isiponyamaza, huna kipimo.

Kuvuja kuna upande mwingine, nao ni mzito kuliko namba. Mawimbi ya kuigiza yakitoka hewani, anayeyapokea hajui kwamba ni ya kuigiza. Kuna mwaka nilikuwa namwonyesha mwenye boti jinsi kitufe chekundu cha DSC, yaani mwito wa dharura wa kidijitali, kinavyofanya kazi. Redio za sasa zina kitufe hicho chini ya kifuniko. Ukikibonyeza na kukishikilia sekunde chache, redio yenyewe inatuma kwenye chaneli 70, megahezi 156.525, tarakimu tisa za MMSI, ndiyo namba ya utambulisho ya chombo, pamoja na mahali kilipo na saa. Kwa zoezi kama lile antena lazima ichomolewe na mahali pake pawekwe mzigo bandia, kile kipande kinachomeza nguvu yote na kuigeuza joto. Nilikuwa na hakika nimeuweka. Sikuwa nimeuweka. Sekunde chache baadaye chaneli 16 ilijaa watu wanaouliza ni nani, yuko wapi, ana watu wangapi.

Niliingia chaneli 16 palepale nikaita meli zote mara tatu, nikataja jina la chombo na namba yake, nikatangaza kwamba nafuta tahadhari ya hatari iliyotumwa saa ile. Wa zamu katika kituo cha pwani alinijibu kwa upole na akanishukuru kwa kufuta haraka. Upole ule uliniuma kuliko karipio. Mahali fulani kulikuwa na mtu ameshaanza kuvaa jaketi la kuokolea kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo mzigo bandia wangu una utepe mwekundu wa urefu wa mkono. Utepe usiponing'inia nyuma ya redio, hakuna mtu anayegusa kitufe, hata kama ni mwenye meli. Na watu wasisahau kwamba kurusha chochote hewani, hata kwa zoezi, kunahitaji kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Boya za dharura za setilaiti, zile EPIRB za megahezi 406, ndizo zinahitaji uangalifu kuliko zote. Ikiwaka kweli, hutuma mlio wa nusu sekunde kila baada ya sekunde kama 50, kwa nguvu ya wati 5, na Cospas-Sarsat, mtambo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, unausikia kutoka angani. Huwezi kuiwasha ujaribu. Waliotengeneza mfumo waliliona hilo: boya ikiwekwa kwenye jaribio la ndani, kipande cha mwanzo cha ujumbe hupinduliwa, sifuri zikawa moja na moja zikawa sifuri, na setilaiti inaupuuza. Kipimo changu kidogo cha boya kinausoma huo uliopinduliwa na kunionyesha herufi na tarakimu 15 za utambulisho wake, boya likiwa ndani ya mfuko wenye nyuzi za chuma. Mara mbili nimekuta boya kwenye boti zilizonunuliwa mitumba Ulaya ambazo bado zina namba ya nchi zilikotoka. Tanzania tunatumia 674 na 677, Kenya wenzetu 634. Boya yenye namba ya nchi nyingine ikilia hapa Mafia, swali la kwanza, mwenye chombo ni nani, litaulizwa katika nchi hiyo, na huko wanaye mmiliki wa zamani aliyekwishauza. Kuiandika upya ni kazi ndogo kwa mwenye kifaa na idhini. Pia bado nakutana na boya za zamani za megahezi 121.5 peke yake, ambazo setilaiti ziliacha kuzisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009. Zinawaka taa, zinalia kwenye redio ya mkononi, na watu wanazihesabu kuwa ni kinga.

Mpaka hapa nimezungumzia sikio la redio. Nina zoezi la Jumamosi ambalo ni la sikio la mtu, na kwangu hilo limekuwa kubwa kuliko ufundi.

Lilianza kwa bahati. Nilikuwa nimeunganisha simu yangu kwenye kisanduku kupitia tundu la sauti, ili badala ya mlio kibebe maneno niliyoyarekodi. Nikagundua naweza kuishusha sauti ya mtu hadi pale inapoanza kuzama kwenye mvumo, nikaisimamisha hapo, nikairudia mara ishirini bila kubadilika. Bahari haikupi nafasi hiyo. Baharini sauti dhaifu huja mara moja, usiku, ukiwa na usingizi.

Sasa wanakuja kwangu mabaharia wa boti za uvuvi na za abiria, saba au wanane kwa mara moja. Redio iko mezani, imeunganishwa na kisanduku kwa waya, hakuna kinachotoka nje. Zoezi la kwanza siwaambii. Tunaongea habari nyingine, kisha naipigia redio tahadhari ya DSC, ile milio miwili ya hezi 1,300 na 2,100 inayobadilishana hadi mara 1,200 kwa sekunde, nayo redio inaitafsiri na kupiga kengele yake kali. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, nusu ya darasa walitazama simu zao. Mmoja alisema betri inakwisha. Watu hao wamekaa na redio hizo miaka, na kengele hiyo hawajawahi kuisikia, kwa hiyo siku itakapolia kweli mkono wa kwanza utakaofika utaizima. Siku hizi wanapotoka kwangu wameisikia mara kumi. Wanajua kusoma skrini kabla ya kugusa kitu, kuandika namba na mahali, kisha kuhamia 16 na kusikiliza. Wanajua pia kutojibu kwa kitufe cha DSC haraka, kwa sababu jibu hilo linaweza kuinyamazisha tahadhari kabla kituo cha pwani hakijaipata. Ikiachwa bila kujibiwa hujirudia yenyewe kila dakika nne hivi.

Zoezi la pili ni la tarakimu, na hapa Kiswahili chetu kinatutega. Ndani ya mvumo, "tatu" na "tano" ni neno moja. "Nne" na "nane" hivyohivyo. "Sita" na "saba" zinaanza kwa ile sauti ya "s" ambayo mvumo wenyewe unayo. Nilirekodi sauti ya binamu yangu akitaja mahali: nyuzi 6 dakika 30 kusini, nyuzi 39 dakika 20 mashariki. Hapo ni baharini, kusini-magharibi ya Unguja. Nikaishusha hadi -117. Katika watu wanane, watatu waliandika dakika 50. Dakika moja ya kusini ni maili moja ya baharini, kwa hiyo walikuwa wamekosea kwa maili 20, kilomita 37. Nikawafungulia ramani wakaweka kidole kwenye mahali walipoandika. Kidole kiliangukia huku Kigamboni, ufukweni kabisa, mwendo mfupi kutoka kiti walichokalia.

Nawafundisha kutaja tarakimu moja moja, "tatu, sifuri", siyo "thelathini", na kuirudisha kwa aliyetuma mpaka akubali. Nawapa pia yale maneno ya kimataifa ya tarakimu, nadazero, unaone, bissotwo, terrathree, kartefour, pantafive na kuendelea. Wanayacheka siku ya kwanza. Lakini terrathree na pantafive hayajawahi kuchanganywa na mtu mezani kwangu, hata kwenye -120.

Wiki iliyopita nilikuwa na dada mmoja kutoka Wete, anakata tiketi kwenye boti ya abiria na anataka kuhamia kwenye redio. Nilimshushia hadi -119, nikaweka na kelele ya injini kwenye spika ya pembeni. Wenzake wote walijaza karatasi kamili. Yeye aliandika "6", akaacha nafasi, akaandika "39, 20". Akanigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kupiga kelele: "Rudia dakika za kusini, tarakimu moja moja." Nikarudia. Akajaza 3, akajaza 0, akaisoma yote nyuma. Karatasi za wenzake nilipozikusanya, nne zilikuwa na namba ambazo hawakuzisikia. Walizibuni, na hawakujua wamezibuni. Walipoulizwa, kila mmoja aliapa amesikia. Ile nafasi nyeupe ya dada wa Wete nimeibandika ukutani.

Nilikuwa sekondari Septemba 2011, usiku meli ya abiria Spice Islander ilipozama Nungwi. Ilipakia watu na mizigo kupita uwezo wake, na hakuna redio inayotibu hilo. Lakini tulikesha tukisikiliza habari, na nakumbuka kila mtu nyumbani akiuliza swali moja: nani amesikia, na amesikia lini. Nadhani nilichagua kazi yangu usiku ule, ingawa wakati huo sikulijua jina lake.

Waya mpya wa nahodha niliufunga siku ileile, konekta nikaizungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, nikaongeza juu yake safu ya pili. Kijana alipanda tena na ndoo. Mlio ulisikika kwenye -117. Jumamosi hii nahodha analeta mabaharia wake wawili, na amesema atakuja mwenyewe, pamoja na yule rafiki yake. Nimewaambia kila mmoja aje na penseli, maana kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa.